Nyota 1 kati ya 5: kazi ya "wakala wa malipo" ukiwa nyumbani, nilivyoingia na nilivyotoka

Hii rivyu imekaa kichwani kwangu karibu miezi minne na leo nimeamua niiandike, maana kila wiki namwona mtu anauliza jamani hii kazi ya kuprosesi malipo ukiwa nyumbani ni ya kweli, na watu wanamjibu neno moja tu, utapeli, basi, wameondoka. Yule aliyeuliza anabaki pale pale. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi hilo neno peke yake halimwelezi kitu, hajaombwa ada ya usajili, hajaambiwa atoe hela ya mafunzo, yeye ndiye anatumiwa hela na anaambiwa akate chake kwanza, sasa anatapeliwaje? Hilo ndilo swali nililokuwa nalo mimi na ndilo lililonifanya niingie.

Jina la kampuni silitaji na naomba msinilazimishe kwenye maoni, kwa sababu jina walilotumia ni la kampuni halali kabisa ambayo haikuwa na habari, waliliazima tu pamoja na nembo, nitafika huko.

Ilianza na imeili, wakasema wameona CV yangu niliyokuwa nimeiweka kwenye tovuti ya ajira. Cheo: wakala wa malipo. (Baadaye nimekuta kazi hiyo hiyo inaitwa msaidizi wa fedha, mratibu wa miamala, hata meneja wa malipo wa kanda, usidanganyike na cheo.) Masaa mawili au matatu kwa siku, uzoefu hauhitajiki, mshahara wa mwezi pamoja na kamisheni ya asilimia 8 kwa kila muamala. Walieleza kwamba wanauza programu za uhasibu kwa wateja wa nchi nyingi na malipo ya kimataifa yanachelewa kwahiyo wanahitaji watu kwenye kila nchi wa kupokea malipo ya wateja na kuyapeleka mbele. Ukisoma haraka inaingia akilini kabisa. Mimi ilinichukua muda kujiuliza, kampuni inayouza programu nchi nyingi inashindwaje kufungua akaunti yake yenyewe, na ni biashara gani hiyo inayokubali kupoteza asilimia 8 ya mauzo kumlipa mtu apokee hela ambayo benki ingeipokea kwa makato madogo tu.

Intaviu ilikuwa ya kuchati tu, hakuna sura, hakuna sauti. Dada aliyejitambulisha kama wa rasilimali watu alikuwa na lugha nzuri, mpole, anakuita ndugu mwombaji, anauliza malengo yako, anakupongeza. Baada ya mambo yote kuharibika nilirudi kuyahesabu yale maswali, yalikuwa 19, na 7 kati ya hayo yalihusu akaunti yangu ya benki. Imefunguliwa lini. Imeshawahi kupokea hela kutoka nje. Kwa siku inaruhusu kutuma kiasi gani. Una akaunti nyingine benki tofauti. Naandika tena ili mtu asipite juu juu: maswali kuhusu nilichosoma yalikuwa mawili, maswali kuhusu akaunti yalikuwa saba. Mwajiri anayekutaka wewe anataka kujua unaweza nini, hawa walitaka kujua akaunti yangu inaweza nini. Akaunti ya zamani, yenye historia safi, ya mtu ambaye benki inamjua, hiyo ndiyo iliyokuwa inaajiriwa, mimi nilikuwa mlango wake tu.

Siku mbili baadaye nimepata mkataba, kurasa sita, muhuri wa rangi ya bluu, kifungu cha likizo kipo, kifungu cha siri kipo. Hicho cha siri kilisema nisijadili miamala ya kampuni na mtu yeyote "ikiwemo wafanyakazi wa benki". Nilikisoma na nikasaini. Nikatuma picha ya kitambulisho mbele na nyuma na selfi nimekishika mkononi, na kati ya vyote nilivyofanya hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, hela unaweza kuirudisha lakini picha ya kitambulisho ikishaondoka haikurudii.

Wiki ya kwanza walinipa kazi ya kweli, yani ya kuchosha kabisa, kuingiza namba za ankara kwenye dashibodi yao. Dashibodi nzuri, inafunguka vizuri kwenye simu, ina sehemu ya kuona kamisheni yako ikipanda. Sasa naelewa ile wiki ilikuwa ya nini. Ukishafanya kazi siku tano mfululizo unajiona mfanyakazi, unakuwa umeshawaambia watu nyumbani kwamba umepata kazi, na mtu aliyeshatangaza kwamba amepata kazi ni vigumu sana kusimama siku ya sita na kusema hapana.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikatoa mlio wa meseji ya benki. Hela imeingia, kubwa kuliko chochote kilichowahi kuingia kwenye ile akaunti kwa mara moja. Hata dakika haijaisha meneja akaandika: "Dada hongera, muamala wako wa kwanza. Kata asilimia 8 yako. Inayobaki igawe, nusu nunua bitkoini utume kwenye hii anwani, nusu itume kwa huyu mtu kwa huduma ya kutuma pesa, ataichukua kwa keshi. Una dakika 45."

Nikafungua aplikesheni ya benki ili ninakili kiasi. Pale chini kuna sehemu ya maelezo ambayo mtumaji anaandika mwenyewe, na jina la mtumaji lilikuwa la mwanamke. Alikuwa ameandika: "deposit na kodi ya mwezi wa kwanza, chumba chenye dirisha la bustani, asante sana."

Nilikaa nikaisoma labda mara kumi. Hakuna mtu anayenunua programu ya uhasibu akaandika dirisha la bustani. Huyu mama au dada, simjui umri wake, alikuwa ameona picha za chumba mahali fulani kwenye intaneti, amekipenda, amelipia, na hicho chumba hakipo, hela yake iko kwangu na nimeambiwa nina dakika 45 za kuipoteza.

Nikamuuliza meneja. Akajibu mteja amekosea kuandika, endelea. Nikasema ngoja niulize benki. Hapo lugha ikabadilika, ndugu mwombaji ikafa, akapiga simu mara nne mfululizo (mtu ambaye hajawahi kupiga hata mara moja), akaandika kwamba nimesaini mkataba, kwamba nikichelewesha hela ya kampuni nitashtakiwa kwa wizi, kwamba ana anwani yangu na kitambulisho changu. Mikono ilikuwa inatetemeka, sitadanganya. Nikageuza kadi yangu ya benki, nikapiga namba iliyoandikwa nyuma.

Kaka aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza kisha akasema, "Dada yangu, hiyo hela usiiguse. Hata hiyo asilimia yako usiitoe. Na huyo mtu usimjibu tena." Kwa msaada wa namna hiyo, yule kaka ningempa nyota zote tano.

Akaunti ilifungwa kwa uchunguzi, wiki sita. Wiki sita siwezi kutoa, siwezi kulipa, na hiyo ndiyo bei niliyolipa mimi niliyesimama kabla ya kutuma. Niliandika maelezo, nikawapa skrinishoti zote, mkataba, imeili, namba za simu. Benki wakaniambia hela imerudishwa ilikotoka. Natumaini yule dada wa dirisha la bustani alipata hela yake yote.

Sasa nirudi kwenye lile swali, unatapeliwaje wakati wewe ndiye unapokea. Hela inayoingia kwako imeibwa kwa mtu mwingine. Inaweza kutoka kwenye akaunti iliyodukuliwa, kwa mtu anayedhani anamsaidia mchumba wake wa mtandaoni, kwa mtu anayelipia nyumba isiyokuwepo kama huyu wangu, au kwa kampuni iliyopokea ankara iliyochezewa namba ya akaunti. Mwizi hawezi kuipokea kwa jina lake maana atafuatwa. Anahitaji mtu katikati, jina safi, ili ukifuata nyayo za hela zinaishia kwako, na baada yako kuna bitkoini au keshi ambayo ni vigumu kuijua imeishia kwa nani. Watu wa kazi hizo wanamwita huyo wa katikati punda. Ile asilimia 8 ni kodi ya jina lako, unalikodisha bila kujua, na kwa lugha ya sheria kinachofanyika ni utakatishaji fedha.

Na hesabu yake ni mbaya kuliko inavyoonekana. Chukulia imeingia 100, umebaki na 8, umetuma 92. Mwenye hela akigundua na muamala ukarudishwa, benki inakudai wewe 100 nzima. Mkononi una 8. Hizo 92 nyingine ni deni lako, anayekudai ana mawakili na meneja wako ameshafuta akaunti ya Telegram.

Kuna na njia nyingine, badala ya kutumiwa hela kwenye akaunti unatumiwa hundi, na hiyo ndiyo inawamaliza wengi kwenye nchi ambazo hundi bado zinatumika sana, kama Marekani. Unatumiwa hundi, unaipeleka, siku moja au mbili hela inaonekana kwenye akaunti, unaona imepita. Haijapita. Kule benki inalazimika kukuruhusu kutumia hela mapema, lakini kugundua kwamba hundi ni feki kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na siku ikigundulika inakatwa yote kwako hata kama ulishaituma kwa mtu mwingine kwa moyo mweupe. Hela kuonekana kwenye salio na hundi kupita ni vitu viwili tofauti, wamechagua hundi kwa sababu ya huo mwanya wa katikati.

Mtu anaweza kusema wewe hukujua, nani atakufunga. Sio rahisi hivyo. Uingereza utakatishaji fedha una kifungo cha hadi miaka 14, na "sikujua" ina nguvu kidogo sana ukiwa ulipewa dalili ukazifumbia macho, na yule dada ameandika dirisha la bustani, kama ningetuma tu, ningesemaje sikujua? Polisi wa Ulaya kupitia Europol wanafanya operesheni ya kila mwaka ya kuwatafuta hawa punda tangu 2016, na ile ya 2023 peke yake ilitambua zaidi ya punda 10,000 na watu zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Marekani mwezi wa 9 mwaka 2010 waendesha mashtaka wa New York walitangaza mashtaka dhidi ya watu 37 kwenye kesi ya kirusi cha kompyuta kinachoitwa Zeus, kilichokuwa kinaiba nywila za benki, na wengi wa waliotumika kufungua akaunti walikuwa vijana walioingia kwa viza za wanafunzi. Fikiria mtoto wa watu ameenda kusoma.

Na kwa nini wanapenda huduma za kutuma pesa ambapo mtu anachukua keshi dirishani? Mwaka 2017 Western Union wenyewe walikubaliana na serikali ya Marekani kulipa dola milioni 586 baada ya kukiri kwamba baadhi ya mawakala wao walitumika kupitisha hela za matapeli na wao hawakuchukua hatua za kutosha. Keshi ikishachukuliwa upande wa pili imekwenda. Ndio maana agizo la "tuma kwa huduma ya kutuma pesa", "nunua kripto", "nunua kadi za zawadi unipigie picha namba" lingetosha peke yake kukufanya ufunge mazungumzo, hakuna kampuni inayolipa wasambazaji wake kwa kadi za zawadi.

Kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa na mtu wa kuniambia ni kuangalia domeini, yani lile jina la tovuti linalokuja baada ya @ kwenye imeili. Imeili yao ilifanana na ya ile kampuni halali ila iliongezwa kistari na neno moja. Kuna huduma za bure za kuangalia domeini imesajiliwa lini, zinaitwa WHOIS, unaandika jina la tovuti inakupa tarehe. Ya kwao ilikuwa na siku 19. Mkataba unasema kampuni ipo tangu 2009, tovuti ina siku 19. Dakika moja tu ya kazi hiyo ingeniokoa. Nyingine ni kupiga simu kwenye kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyoko kwenye imeili yao. Nilipiga baadaye sana, dada wa mapokezi akanisikiliza akapumua akasema, "Pole dada, wewe ni wa tatu wiki hii." Watatu, na ilikuwa Jumatano.

Naomba nitenganishe hili ili tusiwaogopeshe watu na kazi halali, kwa sababu kazi za malipo kwa mbali zipo. Binamu yangu anaifanya, analipa wasambazaji wa kampuni akiwa sebuleni kwake. Nilimuuliza anielezee siku yake ilivyo. Alifanyiwa intaviu mbili za video na mtihani mmoja, mchakato ulichukua karibu mwezi mzima, laptopu ilitumwa na kampuni, anaingia kwenye mfumo wao kwa nywila na msimbo wa simu. Yeye anaandaa malipo, mtu mwingine anaidhinisha, yeye peke yake hawezi kusukuma kitu. Akaunti yake binafsi waliiomba mara moja tu, baada ya kusaini, kwa ajili ya mshahara. Akaniambia "sijawahi kushika hata senti ya kampuni, mimi naona namba tu". Huo ndio mstari. Kazi halali hela ya kampuni inakaa kwenye akaunti ya kampuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya wengine inatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya fedha na orodha ya wenye leseni kwa kawaida iko wazi kwa mtu yeyote kuisoma. Siku hela ya mteja ikipita kwenye akaunti yenye jina lako, hata mara moja, hata kwa majaribio, hata kwa kiasi kidogo, hapo hakuna kazi.

Kuna ndugu zake hii ambao nitawapitia haraka. Kupokea vifurushi nyumbani na kuvituma mbele ni kitu kile kile, isipokuwa badala ya hela ni bidhaa zilizonunuliwa kwa kadi zilizoibwa. Na zile za kulike video au kuzipa nyota bidhaa, unalipwa kidogo mwanzoni halafu unaambiwa uweke hela yako ili ufungue kazi kubwa zaidi, nazo zimepanda kwa kasi ya kutisha, tume ya biashara ya Marekani ilisema haikuwa na ripoti zake mwaka 2020, ikapata 5,000 mwaka 2023, na nusu ya kwanza tu ya 2024 zikafika karibu 20,000.

Kama umeshaingia na unasoma hii moyo unadunda, tafadhali acha kutuma sasa hivi, hata kama nusu umeshatuma. Piga benki kwa namba ya nyuma ya kadi, waambie kila kitu bila kupunguza, wao wanaweza kuzuia kinachozuilika na kadiri unavyowahi ndivyo inavyowezekana. Usiirudishe hela kwa meneja wala kwa mtu yeyote atakayekuandikia kwamba imetumwa kwako kimakosa, iache benki ndiyo iirudishe. Mazungumzo usiyafute kwa aibu, yapige skrinishoti, yatakutetea. Nenda polisi ukachukue namba ya taarifa. Badilisha nywila. Kama ulituma kitambulisho kama mimi, fuatilia kama kuna mkopo au laini ya simu inafunguliwa kwa jina lako, mimi naangalia kila mwezi. Na akitokea mtu anakwambia anaweza kukurudishia hela zako kwa ada kidogo, huyo ni wale wale wamerudi kwa mlango mwingine, orodha za waliolizwa zinauzwa.

Kuhusu vile vitisho vya kunishtaki, hakuna kilichotokea. Meseji mbili zaidi, moja ya matusi, kisha kimya. Ule mkataba wa kurasa sita haukuwa na nguvu yoyote, lakini najua mtu mwenye hofu anausoma kama hati ya mahakama, ndio maana nimeandika hapa wazi.

Nyota moja nimeiweka kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Juzi nimeliona tangazo lile lile, maneno yale yale, ila cheo kimebadilika kimekuwa afisa makusanyo, na chini kwenye sifa za mwombaji wameandika uzoefu hauhitajiki, lazima uwe na akaunti ya benki iliyotumika zaidi ya miezi 6. Nimeliripoti, likaondolewa jioni, asubuhi likarudi na jina la kampuni nyingine.